Hadubini ya Mume, Darubini ya Mke

Wiki sita zilizopita nilikuwa nikimsomea mama yangu, ambaye macho yake hayawezi tena maandishi madogo, kisa cha daktari wa mji mdogo wa Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Daktari huyo, William Worrall Mayo, alirudi nyumbani kutoka safari ya kujifunza upasuaji huko mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1870, akiwa na shauku moja moyoni: alitaka hadubini mpya. Bei yake ilikuwa dola 600. Fedha hizo hakuwa nazo, na njia pekee aliyoiona ilikuwa kuiweka nyumba rehani. Akamweleza mkewe, na mkewe, baada ya kulitafakari jambo lenyewe, akakubali kwa hoja moja: ikiwa chombo hicho kitamwezesha kuwahudumia watu vizuri zaidi, basi na wakinunue.

Nilisoma kwa sauti ya mtu anayekaribia mahali patamu, kwa sababu nilijua kinachofuata. Deni lilichukua miaka mingi kulipika. Wana wawili wakakua na kuwa madaktari wa upasuaji. Jina la familia likaja kuwa jina la mojawapo ya hospitali mashuhuri zaidi duniani.

Mama akaniinulia mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hiyo nyumba ilikuwa ya nani?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa ya daktari.

"Basi mbona alikwenda kuomba kwa mkewe?"

Nikaendelea kusoma, lakini tangu siku hiyo swali lake limekaa nami kama mgeni asiyetaka kuaga.

Duka la kofia

Nilianza kulitafutia jibu mahali palipokuwa rahisi, yaani kwenye tarehe. William alizaliwa mwaka 1819 karibu na Manchester, Uingereza, akahamia Marekani mwaka 1846, akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya Bellevue jijini New York, kisha akaelekea magharibi. Alipofika Lafayette, Indiana, riziki yake ilitokana na ushonaji wa nguo. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1850, na mwaka uliofuata akamwoa Louise Abigail Wright, mzaliwa wa jimbo la New York, aliyekuwa na umri wa miaka 25.

Louise alifungua duka la kofia za wanawake.

Katika masimulizi mengi jambo hili hupewa nusu sentensi, na mimi mwenyewe nililipita mara ya kwanza bila kusimama. Lakini ukiyapanga maisha ya wanandoa hawa kwa mfuatano wa miaka badala ya mfuatano wa sifa, unaona kwamba kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo udaktari haukutosha kuwalisha. William aliugua malaria iliyomrudia mara kwa mara, kwani bonde lile la Indiana lilikuwa na homa kila msimu, na mwaka 1854 alifunga farasi, akapanda kigari na kuondoka, akisema kwamba angeendelea kwenda mpaka apone au afe. Alifika St. Paul, Minnesota, hewa ya kaskazini ikamfaa, akarudi kuichukua familia yake.

Wasimulizi hulipenda sana tukio hili la mwanamume mgonjwa anayeifuata afya yake barabarani, na hata mimi lilinigusa. Nyuma yake, hata hivyo, alibaki mwanamke mwenye mtoto mdogo wa kike, Gertrude, na duka la kuendesha. Mwanamke huyo hakusema kwamba angekwenda mpaka apone au afe. Alikuwa na wateja wa kuwahudumia na hesabu za kufunga. Na familia ilipohamia St. Paul, alifungua tena duka la kofia, katika mji asioujua na miongoni mwa watu wasiomjua, wakati mumewe akizungukazunguka jimboni akitafuta pa kutia mizizi.

Kabla ya kutulia, William alikuwa mkulima, alivusha watu mtoni kwa kivuko, alikuwa hakimu wa mtaa na alichapisha gazeti. Simtaji kwa kumdharau. Alikuwa mtu wa bidii, na watu wa mipakani mwa nchi mpya walilazimika kushika kila kazi iliyopita mbele yao. Ninachosema ni kwamba mtu anayejaribu kazi tano anaweza kuzijaribu kwa sababu yupo mwingine anayeishikilia moja. Mama yangu aliliona hilo kwa kusikia kisa mara moja. Mimi nililiona baada ya wiki mbili za kusoma.

Agosti 1862

Mwaka 1859 William alijenga nyumba ndogo Le Sueur, kando ya Mto Minnesota, na humo ndimo alimozaliwa mwanawe William James, tarehe 29 Juni 1861. Watoto wengine wawili walikufa wakiwa wachanga. Nyumba hiyo bado ipo na imehifadhiwa, na karibu nayo imesimamishwa sanamu ya shaba ya wanawake wawili: Louise Mayo na mwanamke wa familia iliyoishi humo baadaye, ambaye naye aliitwa Louise.

Tarehe 18 Agosti 1862 vita vilizuka kati ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, na walowezi. Mikataba ya mwaka 1851 ilikuwa imewanyang'anya Wadakota sehemu kubwa ya ardhi yao, malipo waliyoahidiwa yalichelewa kiangazi kile, na watu walikuwa na njaa huku chakula kikiwa kimefungiwa katika maghala ya wafanyabiashara. Mamia ya walowezi waliuawa katika wiki chache. William alikwenda New Ulm, mji uliozingirwa na kushambuliwa mara mbili, akatibu majeruhi.

Louise alibaki Le Sueur, na nyumba yake ikajaa wakimbizi. Husimuliwa kwamba aliwapanga wanawake wavae nguo za kiume na kushika zana za kazi mabegani, ili kwa mbali waonekane kama wanaume wenye bunduki. Nilipofika hapa nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimempata mwanamke niliyemtafuta, jasiri na mwenye akili ya haraka, na makala yangu ilikuwa imejiandika yenyewe kichwani: nyumba ilikuwa ya Louise, aliilipia kwa kofia, aliilinda kwa hila, akaitoa rehani kwa ajili ya wagonjwa.

Nilimpigia mama simu nikamwambia nimepata jibu lake.

Siku tatu baadaye nikaendelea kusoma.

Sufuria ya chuma

Vita vilipokwisha, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo Wadakota 303, baadhi yao katika kesi zilizochukua dakika chache tu. Rais Abraham Lincoln alipitia majalada na kuruhusu wanyongwe 39, kisha mmoja akaondolewa. Tarehe 26 Desemba 1862, mjini Mankato, watu 38 walinyongwa kwa wakati mmoja juu ya jukwaa moja. Katika historia ya Marekani hakuna siku nyingine ambayo watu wengi kiasi hicho wamenyongwa kwa hukumu moja.

Walizikwa katika kaburi la pamoja kwenye mchanga wa kando ya mto. Usiku uleule madaktari walilifukua kaburi na kugawana miili kwa ajili ya kuichunguza. Daktari Mayo alipata mwili wa mtu ambaye walowezi walimwita Cut Nose, yaani Pua Iliyokatwa. Aliupeleka Le Sueur, akaupasua mbele ya madaktari wenzake, akaisafisha mifupa na kuiunganisha, na kiunzi hicho akakiweka nyumbani ndani ya sufuria kubwa ya chuma.

Wanawe walijifunzia mifupa ya mwili wa binadamu kwenye kiunzi hicho.

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Wavulana wale wawili, William James na mdogo wake Charles, aliyezaliwa Rochester mwaka 1865, ndio waliokuja kusifiwa kwamba upasuaji wameunywa pamoja na maziwa ya mama. Kumbe somo lao la kwanza la anatomia, pale sebuleni kwao au katika chumba cha kazi cha baba yao, lilikuwa mtu. Hakuwa ametoa idhini, na ndugu zake hawakuulizwa. Alikuwa amezikwa, akafukuliwa.

Nakiri nilichotaka kufanya. Nilitaka kuipa habari hii sentensi moja, katikati ya aya, mahali ambapo msomaji hupita bila kukwaa. Nilikuwa na hoja zangu: madaktari wa karne ile walihangaika kupata miili ya kujifunzia, wengi walifukua makaburi, na mtu huyo alikuwa amehukumiwa kwa kuua walowezi. Pia makala yangu ilimhusu mke, haikumhusu mume. Kwa nini nimtwike Louise mzigo wa sufuria ile?

Niliiandika aya hiyo. Niliifuta. Niliiandika tena, nikaacha kila kitu kwa siku kumi.

Kilichonirudisha ni swali lilelile la mama, ambalo nilidhani nimekwisha kulijibu. Nyumba ilikuwa ya nani? Kama nimethubutu kusema kwamba ilikuwa ya Louise pia siku ya kuweka rehani, siwezi kuirudisha kwa mumewe peke yake ninapofika kwenye sufuria. Mwanamke aliyeendesha nyumba ile, aliyewalea watoto na kuwafundisha, aliishi chini ya paa moja na mifupa ile, na ilihama pamoja nao. Mwaka 1863 William aliteuliwa kuwa daktari wa kupima afya za wanaume walioandikishwa jeshini, ofisi ikiwa Rochester, na mapema mwaka uliofuata familia ikamfuata. Walipofungasha vyombo vyao, sufuria ilikuwa miongoni mwa vyombo.

Nimeona namna mbili za kuandika historia ya familia. Moja huweka mafanikio yote kwa mume, nyingine huja baadaye na kumpa mke sehemu yake ya mafanikio hayo, na kuishia hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa moyo wote kuandika ile ya pili.

Jina

Nilipomweleza mama habari hii alikaa kimya kwa muda. Sikutarajia swali alilouliza.

"Jina lake hasa ni nani? Hilo la pua ni la kuitwa na watu wengine."

Jina lake lilikuwa Marpiya Okinajin. Maana yake ni Asimamaye Mawinguni.

Mama alilirudia taratibu, akakosea, akalirudia tena hadi likakaa.

Mabaki yaliyotambuliwa kuwa yake yalirudishwa kwa Wadakota mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa msingi wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayozitaka taasisi kuwarudishia wenyeji wa asili mifupa ya watu wao. Mwaka 2018 hospitali yenye jina la familia ya Mayo ilituma mwakilishi kwa Wadakota wa Santee, huko Nebraska, kuomba radhi, na ikaanzisha ufadhili wa masomo kwa jina la Marpiya Okinajin. Kati ya usiku ule wa Mankato na radhi ile ilipita miaka 155 na miezi kadhaa. Nimefanya hesabu hiyo kwa mkono wangu, kwa sababu nilitaka kuhisi urefu wake.

Juu ya paa

Nilirudi kwa Louise nikiwa mtulivu zaidi, bila haja ya kumgeuza shujaa.

Rochester ndiko familia ilikokaa kabisa. Baadaye walikuwa na nyumba pembezoni mwa mji, na juu yake Louise alikuwa na darubini. Aliipenda elimu ya nyota, na pia mimea, na usiku alipanda na wanawe kuwaonyesha mbinguni. Lugha yetu imezipa ala hizi mbili majina yanayokaribiana mno; mama aliponisikia nikisoma "darubini" baada ya "hadubini" alidhani nimekosea, akanisahihisha. Hapana, sikukosea. Chini, mume aliinama kuangalia kipande cha uvimbe kilichokatwa kutoka tumboni mwa mgonjwa. Juu, mke aliinua uso kuangalia sayari. Watoto walipanda na kushuka ngazi kati ya shule hizo mbili.

Ya mume iliingia katika historia ya tiba. Ya mke hutajwa kama kipaji cha pembeni, jambo la kupendeza, na nadhani hapo pana kosa la kupima. Mtoto anayefundishwa kuangalia kitu kidogo sana na kitu kilicho mbali sana, kwa subira ileile na kwa kuandika anachokiona, amefundishwa jambo moja na wazazi wawili. Zaidi ya hayo, wagonjwa walipofika mlangoni na daktari yuko safarini, kwa farasi, labda kwa siku mbili, aliyewapokea ni Louise. Alifunga mifupa iliyovunjika na kutoa ushauri. Wanawe walipokuwa watu wazima walisema wazi kwamba mama yao naye alikuwa daktari mzuri.

Wanawake waliomzunguka daktari

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza ni kimbunga cha tarehe 21 Agosti 1883, kilichoubomoa upande mmoja wa Rochester na kuua zaidi ya watu 30. Majeruhi walilazwa popote palipokuwa na paa, hata ukumbi wa dansi, na watawa wa Mtakatifu Fransisko wakawauguza. Baada ya hapo Mama Alfred Moes, mkuu wa watawa hao, alimwendea Daktari Mayo na wazo la kujenga hospitali. Daktari alisita: mji ni mdogo, gharama ni kubwa. Mtawa akamwahidi kwamba wao watatafuta fedha na kujenga, naye akubali tu kuiongoza. Hospitali ya Saint Marys ilipokea wagonjwa mwaka 1889, William akiwa na umri wa miaka 70. Ninapenda kukumbuka kwamba mtu mwenye maono, kama sanamu yake inavyomwita, siku hiyo hakuwa yeye aliyeyaona maono.

La pili ni Edith Graham, muuguzi aliyefunzwa, ambaye alitoa dawa za usingizi katika upasuaji wa mwanzo pale Saint Marys na ambaye Charles alimwoa mwaka 1893.

La tatu ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa kuwa linamrudisha yule mtoto mdogo wa kike aliyeachwa Lafayette mwaka 1854. Gertrude alikua, akaolewa, akazaa binti aliyeitwa Daisy, na Daisy akaolewa na Henry Plummer, daktari kijana aliyejiunga na kazi ya wajomba za Daisy. Huyu Plummer ndiye aliyebuni, mwaka 1907, utaratibu wa kumpa kila mgonjwa jalada moja lenye namba yake, ambamo kila daktari anaandika na kusoma yaliyoandikwa na wenzake, badala ya kila mmoja kufungia maandishi yake mezani mwake. Utaratibu huo umeenea hospitali nyingi duniani kiasi kwamba hatufikirii tena kuwa kuna mtu aliyeubuni. Katika michoro mingi ya ukoo wa Mayo niliyoiona, mistari minene huenda kwa wana wawili, na Gertrude ni mstari mwembamba unaoishia pembeni.

Mwaka 1915

William alikufa tarehe 6 Machi 1911. Alikuwa ameumia mkono alipokuwa akichunguza mashine, akiwa na zaidi ya miaka 90 na bado akitaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi, na mkono huo ulikatwa. Miaka minne baadaye wananchi wa Rochester walimsimamishia sanamu yenye maneno yanayomtaja kuwa mtu wa matumaini na maono.

Mwaka huohuo, 1915, Louise alikufa.

Jumapili iliyopita nilichukua karatasi kubwa nikachora ukoo wao upya, kwa herufi nene ambazo mama anaweza kuzisoma. Niliweka nyumba katikati badala ya mwanamume. Kutoka kwenye nyumba nilichora mistari: William na hadubini yake, Louise na maduka yake mawili na darubini, watoto wawili waliokufa wachanga, Gertrude na mdogo wake Phoebe, William James na Charles, Daisy chini ya Gertrude, Plummer kando yake, Edith kando ya Charles. Mama alipitisha kidole taratibu juu ya kila jina, akaniuliza nani ni nani, akaridhika.

Kisha kidole chake kikarudi kwenye ile nyumba na kusimama.

"Na yule wa mawinguni umemweka wapi?"

Nikamwambia hakuwa wa ukoo ule.

"Lakini alikaa humo," akasema, "na watoto walisoma kwake."

Nikachukua kalamu. Sikumchorea mstari wowote wa kumfunga nao, maana ndugu zake walimdai na wakampata. Nililiandika jina lake lote, Marpiya Okinajin, pembeni kabisa mwa nyumba, upande wa nje wa ukuta, kwa herufi nene zilezile.